Binti wa Afande na Kijana Mkimya

Afande Kihara alimuuliza mgeni kama angependa paja au kidari, na Kagure akajibu.

"Hali nyama, Baba. Mwekee mukimo na maharagwe."

Mwiko ukasimama hewani, kati ya bakuli la kuku na lile la mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Afande Kihara alikuwa amestaafu kazi ya kufundisha gwaride katika chuo cha polisi hapo Kiganjo, lakini gwaride lenyewe lilikataa kustaafu. Aliketi wima kama mlingoti wa bendera, na alipoita ng'ombe wake jioni, mifugo ya majirani nayo iliinua vichwa.

"Nimemuuliza yeye," alisema.

"Na mimi nimekujibu, Baba. Kwao hawali nyama."

"Kagure. Nimemuuliza yeye."

Kijana aliyekuwa akizungumziwa aliitwa Alpesh. Baba yake, Jashbhai, alikuwa na duka la vitambaa mjini Nyeri, na nusu ya sare za shule za mji ule zilikatwa kutoka majora yake. Alpesh na Kagure walikuwa mwaka wa tano wa udaktari, darasa moja, na leo ilikuwa Jumapili ya kumleta nyumbani aonwe. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa uangalifu, na mikono yake ilitulia juu ya magoti.

Aliinua macho. Akafikiri. Kagure alimwona akifikiri, akahisi maneno yakimwasha ulimi kama pilipili.

"Asante sana, Mzee," Alpesh akasema hatimaye. "Mukimo inatosha."

Lakini Afande alikwisha kuuweka mwiko chini.

Chakula kililiwa kwa mtindo huohuo. Afande aliuliza, kimya kikatanda, Kagure akakijaza. Wazazi wa kijana wanasemaje? Kagure akajibu kwamba mama yake, Kamla, ana wasiwasi, lakini wasiwasi huisha. Akimaliza masomo atafanya kazi wapi? Kagure akajibu kwamba anapenda wodi, anapenda kukaa na wagonjwa. Mama yake Kagure, Nduta, alipitisha maji ya kunawa bila kusema neno, na hakuna aliyeshangaa kwa sababu Nduta hakuwa msemaji.

"Na hii maneno nasikia ya Ijumaa?" Afande akauliza. "Ati mlifukuzwa wodi?"

Kagure aliacha kula. "Nani amekwambia?"

"Kiganjo si mbali na Nyeri. Sema."

Akasema. Daktari bingwa wao, Daktari Gicheru, alikuwa akiwapitisha wodini asubuhi ile. Darasa lao lilikuwa na kila aina ya mtu. Kulikuwa na Theuri, aliyekariri vitabu kama mtu anayekariri zaburi. Kulikuwa na Lynn, aliyelia na wagonjwa, akapangusa uso, akaendelea na kazi. Kulikuwa na Mwai, mchelewaji wa kupindukia, ambaye akishika sindano ya kushonea mkono wake hautikisiki hata kidogo. Daktari Gicheru hakupenda aina hizo zote. Yeye alitaka daktari wa aina moja: jibu la haraka, sauti ya kati, uso mkavu. Walifika kwenye kitanda cha mama mmoja wa Doldol, mwenye homa zilizokuwa zikija na kuondoka, na daktari akamtaka Alpesh aeleze ugonjwa. Alpesh akanyamaza.

"Akamwambia mbele ya wagonjwa wote, ati 'Mtu atakufa hapa ukitafuta maneno. Nenda maabara, chupa hazihitaji kusemeshwa.' Baba, ungevumilia?"

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikajibu mimi. Nikasema ni kifua kikuu. Akanicheka. Akasema nina mdomo wa watu wawili na mwenzangu hana hata nusu. Nikamwambia kama wagonjwa si aina moja, kwa nini madaktari wawe aina moja? Ndiyo akatufukuza. Kesho tunaitwa ofisini."

Afande Kihara alipangusa midomo. Akamgeukia Alpesh, na sauti aliyoitumia ilikuwa ile ya uwanja wa gwaride.

"Wewe kijana! Msichana anakupigania na wewe umesimama hapo kama nguzo ya stima? Mwanaume ambaye hawezi kujisemea, atamlinda mtoto wangu aje?"

"Baba, sikuja kutafuta mlinzi," Kagure akadakia. "Ningetaka mlinzi, Kiganjo imejaa!"

"Nyamaza!"

"Sinyamazi! Huyu mtu namjua. Wewe umemwona kwa sahani moja ya mukimo. Yeye ni mwangalifu, yeye ana—"

"Kagure."

Alikuwa ni Alpesh. Hakupaza sauti, ila jina lile alilitamka kwa namna ambayo hakuwahi kulitamka.

"Kagure, niache basi."

Akasimama, akamshukuru Nduta kwa chakula, akamwinamia Afande kidogo kwa heshima, akatoka nje.

*

Kagure alimkuta nyuma ya boma la ng'ombe, mahali ambapo shamba linaanza kushuka kuelekea mtoni. Mlima Kenya ulikuwa umejifunika mawingu.

"Mbona umeniacha pale peke yangu? Mimi nakutetea, wewe unatoka!"

Alpesh alimgeukia. Alikuwa na macho makubwa yenye kope ndefu, macho ambayo Kagure aliyapenda tangu mwaka wa kwanza, siku ile walipofunuliwa maiti ya kujifunzia na yeye akaangua kicheko. Darasa zima lilimwona mtovu wa adabu. Alpesh peke yake alikuja akasimama kando yake, akashika upande wa pili wa shuka. Baadaye akamwambia, "Wewe ukiogopa unacheka. Mimi nikiogopa nanyamaza. Tuko sawa tu." Hakuna mtu aliyewahi kumsoma hivyo.

Sasa macho yaleyale yalimtazama kwa uchungu.

"Ijumaa nilikuwa na jibu," akasema.

"Jibu gani?"

"La yule mama wa Doldol. Haikuwa kifua kikuu. Ni homa ya mifugo, ile inaingia na maziwa mabichi. Nilikaa na yeye Alhamisi. Mwanzo hakutaka kusema. Nikangoja. Mwisho akaniambia anakunywa maziwa bila kuchemsha, na mbuzi wake wanatupa mimba. Mgongo ulikuwa unamuuma. Nilikuwa nayapanga nianze na lipi."

Kagure akamsogelea. "Sasa mbona hukusema?"

"Ulisema wewe."

Upepo ulipita kwenye majani ya mahindi. Kagure alitafuta la kusema na kwa bahati mbaya akalipata.

"Lakini ulikuwa umenyamaza! Ningejuaje? Wewe ukinyamaza mtu anajuaje kama unafikiri au umekwama?"

"Ungengoja."

"Na yule mama? Amelala na ugonjwa wake?"

"Nilirudi mchana nikamwambia daktari wa zamu. Wakapima. Anapata dawa."

"Hukuniambia!"

"Ulikuwa unaongea," Alpesh akasema, na sauti yake ikakatika kidogo. "Kagure, nakupenda. Napenda ukicheka, napenda ukigombana na watu wenye makosa. Lakini umenisemea sana. Kwa mwalimu, kwa mhudumu wa hoteli, leo kwa baba yako. Watu wameanza kufikiri mimi ni bubu. Hata mimi, siku zingine naanza kufikiri hivyo."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Mara moja ukafungua mdomo, umesema hivyo!"

Alimwona akijikunja ndani yake kama jani la kifauwongo lililoguswa. Akatamani kuyarudisha maneno, lakini maneno hayarudi. Alpesh alifunga kifungo cha shati, akasema atatembea mwenyewe hadi barabarani.

"Kesho tutaonana ofisini," akasema.

"Alpesh!"

"Sijakuacha. Nataka tu kutembea."

*

Nduta alikuwa jikoni akisugua sufuria. Kagure aliingia, akajitupa kwenye kigoda, machozi yakaanza kumtoka kwa hasira.

"Ati namsemea! Nimemsaidia miaka yote hii, ati namsemea!"

Mama yake aliendelea kusugua.

"Mama, si useme kitu! Nyumba hii hakuna mtu wa kusema isipokuwa mimi na Baba!"

Nduta akaiweka sufuria chini. Alipangusa mikono kwa leso polepole, kidole kwa kidole, na Kagure akaona kwa mara ya kwanza kwamba mama yake hakuwa akikawia. Alikuwa akipanga.

"Mimi na baba yako tulipoonana," Nduta akasema, "nilikuwa mwimbaji wa kwaya. Nilikuwa naanzisha nyimbo. Watu walikuwa wananiuliza kitu, baba yako anajibu. Nani anataka chai? Nduta hataki. Shamba tupande nini? Nduta anataka viazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananipenda na ana haraka. Nikaona ni rahisi kunyamaza. Sasa umekua ukijua mama yako hana la kusema."

"Mama..."

"Uko na mdomo wa baba yako, mwanangu. Mimi siuchukii, niliolewa nao. Lakini usimfanyie yule kijana vile mimi nilifanyiwa."

Kagure alinyamaza. Lilikuwa jambo geni kinywani mwake, chungu kama mwarobaini.

Alipohisi anaweza kusimama, alikwenda sebuleni kuchukua mkoba. Afande alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

"Umemwona? Ameenda. Hata hakupigania nafasi yake. Huyo simkubali, na akirudi hapa—"

"Atarudi," Nduta akasema.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Afande aligeuka kana kwamba meza ndiyo iliyosema.

"Unasema?"

"Nasema atarudi, Baba Kagure, na mimi nitampikia. Nimempenda. Ulimfokea na hakukutoroka. Alinishukuru, akakuinamia, ndiyo akaenda. Ni nani mwingine umewahi kumfokea akakuinamia?"

Afande alifungua mdomo. Nduta akangoja kwa utulivu, uso wake umeinuka, na safari hii ni yeye Afande aliyekosa neno. Kagure akamkumbatia mama yake hadi leso ikaanguka.

*

Ofisi ya Daktari Gicheru ilinuka kahawa na dawa ya sakafu. Alpesh alikuwa amefika tayari. Walitazamana mara moja tu, lakini mtazamo ule ulibeba usiku mzima wa kutolala.

"Nisamehe," Kagure akanong'ona. "Yule mama wa Doldol nimempitia asubuhi, nimemwomba radhi. Sasa wewe."

Pembe za macho ya Alpesh zililainika. Kabla hajajibu, daktari aliingia.

"Naam," akasema akiketi. "Bwana Alpesh. Daktari wa zamu ameniambia kwamba ni wewe uliyegundua ugonjwa wa yule mama. Sasa nieleze. Kama ulijua, ulinyamaza kwa nini?"

Kimya kikaingia.

Kagure alilijua jibu. Alilijua lote, na namna ya kulipamba, na mahali pa kuweka msisitizo. Alishika ukingo wa kiti. Daktari akatazama saa. Akagonga kalamu mezani. Kagure aliuma ulimi hadi akahisi ladha ya damu, akaukazia macho ukuta, akamwachia mpenzi wake kile kimya kiwe chake.

"Daktari," Alpesh akasema, "mimi nachelewa kujibu kwa sababu wagonjwa wanachelewa kusema. Yule mama, wanafunzi watatu tulimuuliza kama anakunywa maziwa mabichi, akasema hapana. Aliona aibu. Akanieleza mimi kwa sababu sikuondoka. Ningekuwa na haraka, nisingesikia."

"Na mgonjwa anayekufa mbele yako? Huyo pia utamngoja?"

Akafikiri tena. "Hapana. Hilo ni kweli, na nitajifunza. Nikihitaji muda nitasema nahitaji muda. Lakini maabara siendi, Daktari. Sijakosea njia. Hivi ndivyo nilivyo, na nitakuwa daktari hivi."

Kagure alitaka kupiga makofi. Akaikalia mikono yake.

Daktari Gicheru aliweka kalamu chini. "Rudi wodini," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetoa kitu mfukoni bila kupenda. Kisha akamgeukia Kagure. "Wewe ulitoa jibu lisilo sahihi, kisha ukanijibu kwa kiburi mbele ya wagonjwa. Utaniomba radhi mbele ya wodi ileile. Ama utarudia kipindi hiki chote, na hutarudia hapa. Utakwenda hospitali ya Wang'uru, huko Mwea."

"Kwa jibu lisilo sahihi naomba radhi, Daktari, hata sasa hivi," Kagure akasema. "Kwa kumdakia mwenzangu pia. Na kama nilikupazia sauti mbele ya wagonjwa, nisamehe, haikuwa mahali pake. Lakini kama unataka niseme kwamba daktari ni wa aina moja, hilo sisemi. Lynn akilia, wagonjwa wanamwambia siri zao. Mwai akichelewa, mshono wake haufunguki. Mimi nikicheka wodini, watoto wanakubali sindano. Ukitukata wote tutoshee koti moja, wagonjwa ndio watapata hasara."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi Wang'uru."

"Nitakwenda."

*

Nje, jua la Nyeri lilikuwa limetoka bila joto. Alpesh alimshika mkono palepale kwenye ngazi, mbele ya wauguzi waliokuwa wakipita, yeye ambaye hakuwahi kumshika mkono hadharani.

"Nitarudi ndani," akasema. "Nitamwambia na mimi narudia. Twende Wang'uru wote."

"Usithubutu!"

"Kagure..."

"Wewe rudi wodini kwako ukakae na wagonjwa wako. Hilo ndilo jibu letu kwake. Mimi nitakula mchele wa Mwea ninenepe, nitamaliza, nitarudi. Unadhani nitakufa kwa kukukosa?" Sauti ikamtetemeka, akacheka ili kuificha.

Alpesh alimsogeza nywele zilizomwangukia usoni. "Unaogopa," akasema taratibu.

"Sana."

"Nitakuja kila nikipata nafasi. Sitakuwa na mengi ya kusema."

"Njoo tu. Ya kusema ninayo mimi."

Gari dogo la buluu likasimama langoni na kupiga honi. Alpesh alipolitambua, vidole vyake vilikaza juu ya mkono wa Kagure. Kwenye usukani alikuwa Kamla, mama yake, aliyekuwa amekuja kujua yaliyotokea ofisini. Kwa miezi mingi alikuwa amemwambia mwanawe kwamba nyumba yao inataka msichana mtulivu, anayejua kuingia chumbani bila watu kugeuka. Kagure alijua. Alipiga hatua moja nyuma, lakini mkono wa Alpesh haukumwachia, ukaenda naye hadi kwenye dirisha la gari.

"Mama, nimerudishwa wodini," Alpesh akasema. "Huyu ni Kagure. Huyu ndiye nitaoa."

Kamla alimtazama Kagure kuanzia viatu hadi nywele. "Alpesh, ingia gari. Maneno hiyo tutaongea nyumbani, na baba yako."

"Tumeongea nyumbani. Sasa nimemleta umwone."

"Shikamoo, Mama!" Kagure akasema, kwa sauti yake yote, hadi askari wa lango akageuka.

Kamla akafumba macho kidogo. "Wewe msichana, hujui kusema polepole?"

"Wagonjwa wakilala najua, Mama. Saa zingine sijui, na sitakudanganya kwamba nitajua. Lakini mtoto wako nitamngoja amalize kusema. Hilo nimejifunza, na limeniuma."

Kamla alimtazama mwanawe, akautazama ule mkono uliokuwa bado umeshikwa, akatazama tena uso wa kijana wake, kana kwamba alikuwa hajauona vizuri kwa muda. Mvua nyepesi ya mlimani ikaanza kudondoka juu ya kioo. Polepole akanyoosha mkono, akasogeza mkoba wake kutoka kiti cha mbele ili mwanawe akae kama ilivyokuwa desturi yao.

Alpesh akafungua mlango wa nyuma. Akamwingiza Kagure, kisha akaingia naye, akafunga.

"Alpesh," Kamla akasema akitazama kiti kitupu kando yake. "Mimi ni dereva wako?"

"Leo, Mama," Alpesh akasema. "Kama utatubeba."

Mama yake alikaa vile, mikono kwenye usukani, mvua ikizidi. Kagure alikuwa na maneno chungu nzima, na alikuwa karibu kuyamwaga yote, Kamla alipotia gia.

"Funga mshipi," akamwambia mwanawe kwa ukali, kisha akamtazama Kagure kwenye kioo. "Wewe pia."